Hodhi la Chuma

Fundi wa kwanza alisema kesho.
Wa pili alikuja, akasimama mlangoni, akapiga mluzi
kama mtu aliyetajiwa bei ya ng'ombe,
akachukua elfu ishirini, nauli na hela ya gasketi.
Simu yake sasa inaita hadi inachoka.

Basi Jumamosi nikavaa ovaroli ya baba,
nikakunja miguu mara tatu,
nikaazima grainda kwa Ndahani wa karakana
na kuingia mwenyewe.

Nyumba hii ya reli ilijengwa na watu
walioamini maji yatakuja tu.
Ndiyo maana wakaweka hodhi refu la chuma,
lenye miguu minne na kucha,
ili mtu alale chali, alowe, awaze.
Sisi tuliohamia mwaka sabini na tisa
hatukulala humo hata siku moja.
Tulihifadhi maji.
Mgao wa Jumatano, mgao wa Jumamosi,
bakuli la bati likielea juu,
na mama akichungulia kina
kama wengine wanavyochungulia saa.
"Kata mbili. Nimesema mbili.
Kwani wewe bata?"

Vigae vya kijani cha mbaazi vilitoka kwa matusi.
Kila kimoja kiling'ang'ania ukuta
kama mpangaji anayedaiwa.
Mdomoni mwa bomba chumvi ya kisima imeganda,
nyeupe, ngumu kama gego;
nikaigonga kwa patasi, ikanirukia jichoni.
Na ule ufa, ulioingia usiku wa tetemeko
nikiwa darasa la sita,
baba aliujaza simenti, ilipoisha akamalizia dawa ya meno.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema watu.
Baba aliziba.
Ukuta najenga mimi.

Nyuma ya tangi la mnyororo, kwenye lipu,
mwandiko wake wa penseli:
*Simenti 2. Misumari nusu kilo.
Malogo, sh. 40, bado.*
Nikakaa juu ya ndoo.
Malogo gani? Yule wa mchanga?
Alikufa kabla ya baba, au baada?
Hakuna wa kuuliza.
Nilipanga kigae juu yake, polepole,
nikabonyeza, nikafuta simenti pembeni kwa kidole,
na deni likabaki humo ndani, bado.

Ramla wa duka la Majengo alinionya:
ongeza boksi moja, vigae huvunjika vikisikia hesabu.
Sikumsikiliza.
Ndiyo maana kona ya dirisha ina vigae vitatu
vya rangi nyingine.
Pima maji inasema sakafu imelala sawa;
maji yenyewe yanasema vingine,
yanakwenda mlangoni kwanza, kusalimia,
ndipo yanarudi kwenye tundu.

Siku ya nne nikafungua bomba la mvua.
Likakohoa. Likatema kutu, likatema upepo,
kisha, Mungu wangu, maji.
Nikasimama chini yake na ovaroli yangu.
Mkono ukaenda kwenye koki, ukafunga.
Sikuutuma.
Ulikuwa umehesabu kata mbili.

Hodhi walilitoa vijana watano na kamba.
Mnunuzi wa chuma chakavu alilizunguka,
akalipiga teke, akataja bei ya kilo.
Nikamwambia nitafikiri.
Nilikuwa nimeshafikiri.

Sasa liko uani, karibu na kamba ya nguo.
Jioni hii upepo wa Julai unakwaruza,
vumbi linapita juu ya ukuta bila hodi,
mgongo unauma mahali nisipopajua jina.
Nikapanda. Nikajilaza humo, mkavu,
kichwa huku, visigino kule.
Nimeenea.

Mama Yaledi akachungulia kutoka kwake:
"Jirani! Umeanguka?"
"Hapana," nikasema. "Naoga."